Mtutu Uliohamwa na Sungura

Jumanne ya pili ya Novemba, Benoîte Chapelou alimaliza supu yake ya kabichi, akafuta bakuli kwa kipande cha mkate, akarudi kwenye meza ya kazi na kukuta sungura hayupo.

Alikuwa amemchonga asubuhi ile ile kwenye mtutu wa bastola ya kulia, pale kwenye shina ambapo mtutu huwa mnene kwa sababu ndipo baruti inapolala. Alikuwa sungura mdogo wa dhahabu, masikio yamelala mgongoni, miguu ya nyuma imekunjwa. Mahali pake sasa palikuwa chuma kitupu, laini, kana kwamba tindo halijawahi kupita. Benoîte alilamba kidole gumba akapasugua. Kisha akainua bastola ya kushoto, pacha wa ile ya kulia, akamkuta huko, amebanana na sungura mwenzake kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja.

"Pernette," alisema, "sungura wangu amehama."

"Wa fedha au wa dhahabu?"

"Wa dhahabu."

"Hao wa dhahabu hawana adabu," alisema Pernette, akaendelea kusugua.

Pernette alikuwa msuguaji wa vyuma, bibi wa miaka sabini na mmoja, mikono myeusi hadi viwiko. Wote wawili walikuwa wajane, na walikuwa wameunganisha vyumba vyao vya kazi ili wachome makaa ya jiko moja. Benoîte alikuwa na miaka arobaini na minne. Alijifunza nakshi kwa marehemu mumewe, na mume alipokufa watu waligundua kwamba kwa miaka kumi kazi nzuri zilikuwa za mke.

Mjini Valfuret, kwenye mabonde ya Forez, hakuna mtu aliyewahi kutengeneza bastola nzima. Mmoja alifua mtutu, mwingine mtambo wa gumegume unaowasha baruti kwa cheche. Mwingine alichonga kitako cha mbao ya mjozi na kukandamiza ndani yake uzi wa fedha, uzi mwembamba unaojikunja kama mche wa kunde. Mwingine aliyeyusha kofia ya fedha ya kitakoni, ile yenye uso uliokunja ndita. Mchonga nakshi alikuja karibu na mwisho, na mwisho kabisa alikuja mfanyabiashara kuweka jina lake. Mfanyabiashara huyu aliitwa Bwana Roussilhe. Kwenye kila mtambo Benoîte alimwandikia, kwa herufi za mviringo, Roussilhe wa Paris. Roussilhe mwenyewe Paris alikuwa amefika mara moja tu, kung'oa jino.

Jozi hii ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na tisa, Gaspard wa Montrenard, aliyekuwa anakwenda vitani Bohemia mara baada ya Krismasi. Mwezi wa Septemba alikuja mwenyewe kuchagua nakshi, jambo ambalo wateja wa namna yake hawalifanyi. Aliketi kwenye kigoda cha Pernette, akala jibini lao bila kukaribishwa mara mbili, akaeleza anachotaka: mawindo ya nyumbani kwao. Sungura, kwale wawili, kulungu, na mbwa.

"Mbwa wangu anaitwa Filou, Mama," alimwambia Benoîte. "Sikio la kushoto limechanika. Usimshone, tafadhali. Mwache hivyo hivyo."

"Nitamchana vizuri, bwana mdogo."

"Mimi si mpigaji hodari. Ila nikimwona Filou mkononi, nadhani sitatetemeka sana."

Baada ya kuondoka, Pernette alisema yule mtoto anahitaji mama kuliko bastola, na Benoîte akamwambia afunge mdomo, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amefikiri hivyo hivyo, na hakuwa amepata mtoto.

Sasa alichonga sungura mpya mahali pa yule wa kwanza. Kazi yenyewe si ya haraka. Unachimba umbo kwa tindo, unakikwaruza chuma kilichobaki wazi hadi kiwe na meno madogo, unalaza dhahabu laini, unaigonga kwa nyundo ndogo mpaka meno yaishike. Dhahabu iliyoshikwa hivyo haitoki hata ukiivuta kwa koleo. Jumatano alipotoka kwenda kisimani, sungura wa pili alikwenda. Alhamisi walikwenda kwale. Kulungu aliondoka Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Kufika Jumamosi bastola ya kushoto ilikuwa na msongamano wa siku ya mnada, sungura watatu, kwale wanne, kulungu wawili wakipishana pembe, na ya kulia ilikuwa imebaki na Filou peke yake. Filou alisimama ukingoni mwa shina la mtutu, mkia umebanwa miguuni. Jumapili, Benoîte aliporudi kutoka misa, naye alikuwa amehama.

Pernette aliweka miwani, akaitazama ile bastola tupu.

"Wanyama hukimbia chuma kibaya," alisema. "Marehemu wangu alichonga bata kwenye bunduki ya mkuu fulani. Wote waliruka. Tuliwakuta kwenye kijiko."

"Na bunduki?"

"Ilipasuka. Alikuwa mkuu wa watu, akawa nusu mkuu."

Benoîte alipaka mafuta ya zeituni kwenye shina la mtutu, akayaacha yapenye, akafuta kwa kitambaa hadi chuma kikauka. Kisha akapuliza unga wa chaki juu yake. Wakakaa kusubiri. Kidogo kidogo, kwenye ule weupe, ukajichora mstari wa mafuta, mwembamba kuliko unywele, urefu wa punje mbili za shayiri. Mtutu hufuliwa kwa kukunja bamba la chuma lililopata moto na kuushona mshono wake kwa nyundo. Pale mshono haukuwa umeshika.

Upande wa chini wa mtutu kulikuwa na nyota mbili ndogo. Ilikuwa alama ya kaka yake, Barthélemy.

Tangu saa ile miguu ya Benoîte haikutulia. Akiketi, ilimwinua. Akisimama, ilimpeleka dirishani, ikamrudisha jikoni, ikamtoa nje hadi kwenye mtaro na kumrudisha tena. Alisaga soli za viatu vyake vya mbao katika wiki moja zaidi kuliko katika mwaka mzima. Hakuona ajabu katika hilo. Aliona kero tu, maana kazi ya tindo inataka mtu aliyekaa.

Jumatatu alipanda mlima hadi kwa kaka yake. Barthélemy alikuwa anafua, uso umeelekea moto, na mkewe, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa sita, alikuwa anavuta mivuo. Benoîte alingoja mke huyo aingie ndani, akampa mtutu na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kugusa. Barthélemy hakuutazama. Aliupapasa kwa ukucha.

"Huu ni wangu," alisema.

"Ni wako, kaka. Chuma kilikuwa na rangi gani ulipoushona?"

"Cheupe. Cheupe kama maziwa. Mimi nashona cheupe, tangu baba alipokuwa hai."

"Na mimi hapa, nina rangi gani?"

Barthélemy aligeuka, akamtazama dada yake kwa muda.

"Wewe pia mweupe," alisema hatimaye. "Siku hizi kila kitu cheupe, Benoîte. Asubuhi natoka nje nadhani theluji imeanguka."

Alikuwa na ukungu machoni, na mtu anayepima moto kwa macho akipata ukungu, chuma chote kwake kimeshaiva.  Benoîte alimuuliza jinsi mtutu ulivyopita kwenye nyumba ya majaribio, ambako kila mtutu hutiwa baruti mara mbili ya kawaida, hufungwa kwenye gogo na kupigwa, na ukibaki mzima ndipo hugongwa muhuri.

"Haukupigwa," alisema Barthélemy. "Ilikuwa wiki ile ya mvua, baruti imeota ukungu, na Bwana Roussilhe ana haraka. Mjaribu akasema mitutu ya Barthélemy haijapasuka miaka ishirini na mbili, akaigonga muhuri kwa imani. Kumi na minne. Alinipa heshima, dada. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia huoni."

"Halafu?"

Kinachofuata wote wawili walikijua. Mfua mitutu aliyeshindwa huitwa mbele ya chama cha mafundi, alama yake hukwanguliwa ukutani mwa nyumba ya majaribio, na fuawe lake hupinduliwa kichwa chini mlangoni pake ili kila apitaye aone. Kazi nyingine Valfuret hakuna. Watu waliopinduliwa fuawe walikwenda kuchimba makaa, na Barthélemy alikuwa na miaka hamsini.

"Fua mwingine," alisema Benoîte. "Taratibu. Nitakusomea rangi mimi."

"Na nimwambie Roussilhe nini? Kwamba ule uliogongwa muhuri umeibiwa na panya?" Akamrudishia mtutu. "Wewe ni fundi. Ufunike."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wenye akili. Valfuret nyufa waliziziba kwa dhahabu, na ukuta aliachiwa mwingine aujenge.

Bwana Roussilhe alikuja Jumatano kukagua. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye tabia ya kugonga kila kitu kwa kucha kusikia mlio. Aliziweka bastola mbili sambamba juu ya kitambaa cha kijani, akazitazama muda mrefu, sura ikimharibika.

"Mama Benoîte. Hawa ni pacha gani? Mmoja ana harusi, mwenziwe ana matanga."

"Wamehama, Bwana."

"Naona wamehama, mimi si kipofu. Nauliza nani atanunua jozi isiyo jozi."

"Wamehama kwa sababu mtutu una ufa."

Roussilhe aliugeuza mtutu, akautafuta muhuri, akaugonga kwa ukucha.

"Huu nini?"

"Muhuri."

"Chuma kilichogongwa muhuri hakina ufa. Ndiyo maana ya muhuri, Mama. Tukianza kutazama chuma badala ya muhuri hatutalala." Akavuta pumzi, akalainisha sauti. "Na isitoshe, silaha za namna hii nani anazipiga? Zinatundikwa juu ya meko. Wageni wanazisifu, wajukuu wanazigombania."

"Huyu anakwenda Bohemia."

"Basi atazitundika Bohemia. Chonga kitu kisicho na miguu."

Kwa hiyo alichonga majani. Alichonga mzabibu wenye vishada, akaulaza kabisa juu ya ufa, na kufika jioni mzabibu ulikuwa umetambaa pembeni na kuuzunguka ufa kwa mbali kama majani yanavyozunguka sehemu iliyomwagiwa chumvi. Alichonga ngoma na bendera, mapambo ya ushindi ambayo maofisa huyapenda. Ngoma ikabingirika hadi mdomoni mwa mtutu. Bendera zilikwenda na upepo, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Roussilhe akaagiza simba wa nembo ya Montrenard, akasema simba hakimbii. Simba kweli hakukimbia. Aliondoka kwa hatua za polepole, akavuka ukingo wa kifyatuo, akapanda kitako na kwenda kukaa karibu na ule uso wa fedha uliokunja ndita, na hapo akageuza mgongo.

Siku zile Benoîte alitoka mara tatu kwenda nyumba ya majaribio na mtutu uliopakwa chaki ndani ya aproni. Mara ya kwanza alifika kwenye daraja, akarudi. Mara ya pili alifika mlangoni. Ndani walikuwa wanacheka, na kupitia tundu la ufunguo aliona ukuta wenye alama za mafundi, nyota mbili za kaka yake zikiwa juu kabisa, kwenye safu ya wale wasiopasukiwa. Akarudi. Mara ya tatu aliingia. Mjaribu alimpokea vizuri, akamuuliza hali ya Barthélemy, akasema laiti wafuaji wote wangekuwa kama yule. Benoîte akasema kaka yake hajambo, anawasalimu. Alipotoka alijichukia, na miguu yake ikamzungusha mji mzima kabla ya kukubali kumpeleka nyumbani.

"La kuvunda halina ubani," alisema Pernette alipomwona. "Lakini nikwambie kitu. Umejaribu wanyama, umejaribu majani. Weka mtu."

"Kwa nini mtu?"

"Mtu hukaa anapowekwa."

Benoîte hakutaka. Alikaa siku mbili akichonga vitu vingine visivyo na haraka, kisha Roussilhe alipotuma neno kwamba Krismasi haimngoji fundi, akachonga mtu. Hakumpa sura ya yeyote. Alikuwa mwindaji wa kawaida, mfupi, amevaa viatu vya mbao na kofia pana, mikono imening'inia, macho yanatazama mbele. Alimsimamisha juu ya ufa, mguu mmoja huku na mwingine kule. Dhahabu ilishika vizuri. Akaenda jikoni, akamenya viazi, akamenya vingine ambavyo havikuhitajika, akarudi.

Mtu alikuwa pale pale. Alikuwa tu ametia vidole masikioni na kufumba macho.

"Amekaa?" aliuliza Pernette.

"Amekaa."

"Si nilikwambia."

Nyuma ya mgongo wa mtu wanyama walikubali kurudi. Benoîte alifuta mzabibu, ngoma na simba, akawachonga upya kwenye sehemu ya mbele ya mtutu, mbali na shina, sungura, kwale, kulungu, na Filou na sikio lake, nao wakatulia huko. Ilibaki bastola ya kushoto, ambayo ilibidi ifanane. Aliwafuta wanyama waliozidi, akachonga mwindaji mwingine shinani, vidole masikioni, macho yamefumbwa. Mtutu wa kushoto ulikuwa mzima, na yule mtu alipoona hakuna kitu cha kuogopa alishusha mikono na kufumbua macho. Benoîte akamrudishia vidole masikioni. Mtu akavitoa. Akamrudishia tena, na safari hii akabaki navyo, kama mtu anayeona wenzake wamepiga magoti na yeye hajui sababu. Roussilhe alizigonga kwa ukucha na kusema sasa ndiyo jozi.

Mitutu ikatiwa kwenye majivu ya moto hadi ikawa na rangi ya shingo ya njiwa, na dhahabu ikawaka juu yake. Kazi nzuri zaidi haikuwahi kutoka mikononi mwa Benoîte. Alijua hivyo, na hakuweza kuila wala kuilalia.

Gaspard wa Montrenard alifika wiki moja kabla ya Krismasi, pua imekuwa nyekundu kwa baridi, na koti jipya la kijeshi lililompwaya mabegani. Roussilhe alikuwepo. Barthélemy pia alikuwepo, kwa bahati mbaya. Alikuwa amemletea dada yake kikapu cha makaa, na sasa alisimama kando ya mlango, mikono juu ya kichwa cha binti yake mdogo aliyemwongoza njia. Kijana alifungua sanduku. Alizichukua bastola moja moja. Alimtafuta Filou, akampata, akapitisha kidole kwenye sikio lililochanika, na kope zake zikalowa kidogo, naye hakuona haya.

"Mama, huyu ni yeye," alisema. "Huyu ni yeye kabisa. Angebweka nisingeshtuka."

Kisha akaona watu.

"Na huyu bwana? Mbona ameziba masikio?"

 Roussilhe alikuwa anakunja kitambaa cha kijani. Pernette alikuwa ameacha kusugua, kitu ambacho hakukifanya hata mazikoni. Benoîte alimtazama kijana, mkono wake wa kulia uliokuwa umeishika bastola ya kulia, kidole cha shahada chenye alama ya wino, kucha zilizotafunwa. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni: *usiipige hiyo*. Ni maneno mawili tu. Alitazama mlangoni. Kaka yake alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti, akitabasamu kidogo kwa adabu mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Ni mtindo, bwana mdogo," alisema Benoîte. "Siku hizi ndivyo wanavyofanya."

"Paris?"

"Paris," alisema Roussilhe.

Gaspard alicheka, akatia vidole masikioni mwake, akafumba macho, akasimama hivyo katikati ya chumba ili wamwone. Binti wa Barthélemy akacheka naye. Kisha kijana akambusu Benoîte mashavu yote mawili, jambo ambalo watu wa tabaka lake hawalifanyi, na akapanda farasi. Siku ile Benoîte alitembea hadi giza likamkuta upande wa pili wa mlima.

Baada ya mwaka mpya agizo la kwanza la mtu aliyeziba masikio lilitoka Lyon, kwa bwana aliyeziona bastola za Gaspard hotelini. La pili lilitoka Grenoble. Kizuri chajiuza. Kufika Februari Roussilhe alikuwa anauza bastola nyingi zaidi za mtu kuliko za mbwa na sungura zikijumlishwa, na mafundi wengine wawili mjini wakaanza kumwiga, ingawa watu wao walikuwa na vidole vinene. Nyumba ya majaribio ilikuwa imeona kwamba kugonga muhuri kwa imani kunaokoa baruti, ikaendelea hata mvua zilipokwisha, kwanza kwa mitutu ya Barthélemy, halafu kwa ya wote.

Benoîte hakuhitaji tena mafuta na chaki. Alimchonga mtu mikono chini, macho wazi, akaenda kula, akarudi. Kwenye mitutu mizima alimkuta alivyomwacha, na ilimbidi amzibe masikio mwenyewe. Kwenye mingine alikuwa ameshajiziba. Kila mara alimwambia Roussilhe ni ipi. Kila mara Roussilhe alimshukuru na kugonga muhuri kwa ukucha.

"Mtu amekaa?" aliuliza.

"Amekaa, Bwana."

"Basi."

Barua ya Gaspard ilifika mwezi wa Mei. Roussilhe aliileta mwenyewe, akashuka kando ya mtaro kwa furaha, akaisoma kwa sauti akiwa amesimama kati ya meza mbili. Ilimchukua muda, kwa sababu mwandiko ulikuwa mbaya, herufi kubwa zilizolala huku na huku kama za mtoto wa miaka sita. Kijana aliomba radhi kwa hilo. Alikuwa bado anajifunza mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikwenda mwezi wa Machi, vidole kwanza, na uliobaki daktari akauondoa kwenye kifundo. Kosa lilikuwa la mtumishi wake, ambaye bila shaka alitia baruti mara mbili, na alikuwa amekwisha mfukuza. Hakumlaumu mtu mwingine. Kile kipande cha mtutu chenye mwindaji wa dhahabu kilipatikana kwenye theluji, hatua thelathini kutoka pale, na mwindaji hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Gaspard alikuwa anatembea nacho mfukoni. Maofisa wenzake walikitazama kila jioni na kusifu kazi.

"Mmesikia?" alisema Roussilhe. "Hana mkwaruzo."

Sasa Gaspard aliomba bastola moja, nyepesi, ya mkono wa kushoto, yenye mtu yule yule. Alikuwa na ombi moja kwa Mama Benoîte kama halimsumbui. Safari hii, kama mtindo unaruhusu, angependa huyo mtu awe ameshusha mikono na kufumbua macho, kwa sababu amefikiri sana hospitalini, na ingemfurahisha kuona mmoja wao anatazama.

Roussilhe aliikunja barua, akaiweka mezani pamoja na mtutu. Ulikuwa umekwisha gongwa muhuri. Benoîte aliugeuza, akaziona nyota mbili.

"Nipe wa mwingine," alisema. "Bwana Roussilhe, nakuomba. Kwa huyu tu. Nipe wa mfuaji mwingine."

"Yeye mwenyewe ameandika. Soma hapa chini. *Kutoka kwa mfuaji yule yule, kwa maana mtutu wa kushoto umenitumikia vizuri.*" Akavaa kofia. "Mteja mwaminifu, Mama. Hawapatikani."

Roussilhe alipoondoka, Benoîte alilia, wazi, mdomo umefunguka, na Pernette akaacha alie, kisha akampa maji. Halafu Benoîte akaubana mtutu kwenye jiliwa, ngozi pande zote mbili ili meno yasiuume. Alimchonga mtu kwa uangalifu zaidi kuliko wote waliotangulia. Alimpa mikono iliyoshuka na macho mawili makubwa yaliyo wazi, kila moja limechimbwa kwa ncha ya tindo jembamba kuliko yote aliyokuwa nayo. Akamaliza kabla ya adhuhuri. Akatoka, akatembea hadi darajani, akarudi.

Mtu alikuwa amefumba macho na kutia vidole masikioni.

"Amekaa?" aliuliza Pernette.

"Amekaa."

Benoîte akavuta kigoda, akachukua tindo lile jembamba, akamtoa vidole masikioni kimoja baada ya kingine, na kumfumbua macho kama mteja alivyoagiza.